Paka mzee akinywa maji kupita kawaida, usisingizie jua la Dodoma

Ikifika Oktoba, Dodoma huwa imekauka. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au karibu na hapo, upepo unazoa vumbi barabarani, na kila kiumbe kina kiu. Katika hali hiyo, paka wa miaka 12 au 15 akianza kushinda kwenye bakuli la maji, wenye nyumba husema ni joto. Akikonda, husema ni uzee.

Majibu yote mawili yanaweza kumgharimu mnyama. Kiu isiyoisha kwa paka mzee mara nyingi ni dalili ya figo zinazochoka. Wakati mwingine ni kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, ambapo paka hula sana na bado anakonda. Uzee wenyewe si ugonjwa, na magonjwa haya yakigunduliwa mapema, paka anaweza kuishi vizuri kwa miezi mingi, hata miaka.

Madaktari wa mifugo humhesabu paka kuwa mzee kuanzia miaka 10 hivi. Kwa makadirio yao, mwaka wake wa kwanza ni sawa na miaka 15 ya binadamu, wa pili humfikisha 24, na kila mwaka unaofuata huongeza minne. Kwa hesabu hiyo, paka wa miaka 15 ana umri wa bibi wa miaka 76.

Figo za nchi kavu

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Figo zake zina uwezo mkubwa wa kubana maji na kutoa mkojo mzito. Porini hanywi sana, kwa sababu maji huyapata kwenye windo: karibu asilimia 70 ya mwili wa panya ni maji. Dagaa wakavu hawana akiba hiyo. Paka anayelishwa dagaa na ugali kwenye uwanda huu wa Dodoma unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka hana budi kunywa ili kufidia.

Ndani ya figo kuna vichujio vidogo mno, na kikifa kimoja hakioti kingine. Vilivyobaki hubeba mzigo, ndiyo maana ugonjwa hujificha muda mrefu. Theluthi mbili ya uwezo ikishapotea, figo haziwezi tena kubana maji. Mkojo hutoka mwingi na mwepesi, na paka hunywa ili kurudisha kilichotoka. Ikipotea robo tatu, uchafu hulundikana kwenye damu: paka hutapika, hukataa chakula, mdomo hunuka, manyoya husimama, na uti wa mgongo huanza kuhesabika kwa vidole.

Pima mwenyewe nyumbani

Paka mwenye afya ni nadra kunywa zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni mililita 200, yaani kikombe cha chai.

Asubuhi mwekee maji uliyoyapima kwa chupa yenye alama au bomba la sindano. Kesho yake, saa ile ile, pima yaliyobaki. Kwa kuwa hewa ya Dodoma hukausha maji haraka, weka bakuli la pili lenye maji kiasi kile kile mahali asipofika paka. Kilichopungua humo kimechukuliwa na hewa, kitoe kwenye hesabu. Rudia siku chache, na uhakikishe hanywi kwenye ndoo au karai la jirani.

Mpime uzito pia kila mwezi. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Kwa paka wa kilo 4, kupungua nusu kilo si jambo dogo.

Chakula na dawa

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Asipopata taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, macho na moyo huharibika. Ugali hauwezi kuwa chakula chake kikuu, na ukisongwa kwa unga wa mahindi yaliyoota ukungu unaweza kubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Dagaa walowekwe, mchanga na chumvi vitoke. Lakini paka akishathibitishwa kuwa na ugonjwa wa figo, dagaa wapunguzwe: huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ina fosforasi nyingi inayozidi kuchosha figo. Minofu ya samaki au kuku iliyochemshwa, pamoja na supu yake isiyo na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, humpa chakula na maji kwa pamoja. Mpango kamili wa lishe upangwe na daktari.

Usimpe dawa za binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo ambazo tayari zimechoka.

Dalili nyingine zisizo za uzee tu

Paka aliyeacha kuruka ukuta huenda anaumwa viungo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulipiga picha za eksirei paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walionekana na uchakavu wa viungo. Paka anayepofuka ghafla, mboni zikiwa zimetanuka, huenda ana shinikizo la damu, ambalo mara nyingi huandamana na figo. Na mwenye masikio meupe akiota kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio, aonwe mapema: jua kali husababisha saratani ya ngozi.

Daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi anaweza pia kumhudumia paka. Mwombe apime ukolezi wa mkojo, na uchafu wa kreatinini na yurea kwenye damu. Kwa vipimo vikubwa zaidi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Nenda na vipimo ulivyoandika nyumbani, na usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama paka wako hatoki nje.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Aliyelinda ghala lako la mtama na uwele kwa miaka yote hiyo anastahili kupimwa kabla ya kuhukumiwa kuwa amezeeka. Anza wiki hii, kwa mabakuli mawili ya maji.