Jina moja mlangoni, kuku tofauti jikoni: halali katika migahawa ya vyakula vya haraka duniani

Mwislamu anayetoka Mombasa, Kigoma au Kampala anaweza kuishi miaka mingi nyumbani bila ya kuuliza ni nani aliyemchinja kuku aliyemo sahanini mwake. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni desturi ya machinjio kumwachia Mwislamu kisu, ili nyama iweze kuliwa na watu wa dini zote, na kampuni za kigeni zinapofungua migahawa Nairobi au Dar es Salaam huikuta desturi hiyo. Swali humjia siku anapofika ugenini kwa masomo, kazi au matibabu, akiwa na njaa na fedha kidogo, na mbele yake kuna bango la mgahawa analolijua tangu nyumbani.

Bango hilo halimwambii lolote. Kampuni kubwa za vyakula vya haraka huuza haki ya kutumia jina lao kwa wafanyabiashara wa kila nchi, na pengine kwa wafanyabiashara kadhaa ndani ya mji mmoja. Mapishi na rangi za ukutani hufanana kote, lakini kuku hutoka kwa wafugaji na machinjio ya nchi husika. Kwa hiyo kuuliza iwapo KFC au McDonald's ni halali ni kuuliza swali lisilo na jibu. La kuuliza ni kama mgahawa huu, wa mtaa huu, una cheti, na nani aliyekitoa.

Jibu ni jepesi zaidi katika nchi ambazo dola yenyewe imelibeba jukumu hilo. Nchini Malaysia, McDonald's ilifungua mlango wake wa kwanza mwaka 1982 na imekuwa na cheti cha halali tangu 1995. Vyeti hutolewa na JAKIM, idara ya serikali inayoshughulikia maendeleo ya Uislamu, pamoja na mamlaka za dini za majimbo. Masharti yake ni makali hata katika mambo ambayo mgeni asingeyafikiria. Mwaka 2016 kampuni ya Auntie Anne's, iliyokuwa ikiomba cheti, ilitakiwa kubadili jina la mkate wake wenye soseji kwa sababu lilitaja mbwa. Mwanzoni mwa 2017 McDonald's nayo ilithibitisha kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia na keki za siku ya kuzaliwa zisizokuwa na cheti cha halali. Wako waliocheka, lakini mteja wa nchi hiyo anajua kwamba kinachokaguliwa ni mgahawa mzima.

Jirani yake Singapore inafundisha zaidi, kwa kuwa huko Waislamu ni wachache, takriban asilimia 15 ya wananchi na wakaazi wa kudumu. Hata hivyo McDonald's ya huko imekuwa na cheti tangu 1992, kutoka kwa MUIS, baraza la dini ya Kiislamu lililoundwa kwa sheria. Anayetumia alama ya halali bila ya idhini ya baraza hilo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000 za Singapore, kufungwa hadi miezi 12, au kupewa adhabu zote mbili. Cheti hubandikwa mahali pa wazi, na mteja hana haja ya kumsumbua mhudumu.

Ulaya ni habari nyingine, kwani huko serikali haiamui nini ni halali, na Waislamu wenyewe hawajakubaliana.

Mzozo wa kuku aliyezimishwa

Nchini Uingereza KFC ilianza kuuza kuku wa halali kwa majaribio mwaka 2009, na leo migahawa yake zaidi ya 100 ina cheti kati ya mamia iliyonayo. Nando's nayo huuza kuku wa halali katika takriban mgahawa mmoja kati ya kila mitano. McDonald's ya Uingereza haiuzi kabisa. Mtu anaweza basi kutembea dakika 20 katika barabara moja ya London akapita migahawa miwili yenye jina lilelile, mmoja ukiwa na cheti na mwingine hauna.

Hata penye cheti, mjadala hauishi. Kuku wa KFC huzimishwa fahamu kabla ya kuchinjwa, jambo ambalo kampuni inasema ni la kumpunguzia mnyama maumivu. Taasisi ya HFA, iliyotoa cheti hicho, inakubali maadamu mnyama yu hai kisu kinapomfikia, na angeweza kuzindukana kama asingechinjwa. Taasisi nyingine, HMC, iliyoanzishwa mwaka 2003, haikubali kuzimisha kwa namna yoyote, wala haikubali kuku kuchinjwa kwa mashine. Hofu yake ni kwamba baadhi ya kuku hufa kabla ya kisu, na aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, hata akisomewa bismillahi mara ngapi. Wanazuoni wako pande zote mbili. Mteja anayefuata rai ya HMC hawezi kula KFC hata yenye cheti, na jirani yake wa msikiti mmoja anakula bila ya wasiwasi. Neno "halali" lililoandikwa dirishani halitoshi mpaka ijulikane ni halali ya nani.

Upande mwingine wa mlango bahari wa Manche suala hilohilo liligeuka siasa. Kampuni ya Quick, yenye asili ya Ubelgiji, iliifanya migahawa yake minane nchini Ufaransa kuwa ya halali mwezi Novemba 2009, ikaondoa nyama ya nguruwe na kuweka ya bata mzinga. Meya wa Roubaix, mji wa kaskazini, alilalamika kwamba wasio Waislamu wanabaguliwa kwa kunyimwa uchaguzi. Mwaka uliofuata kampuni ilifikisha migahawa 22. Biashara ilikwisha kusema neno lake.

Kesi ya Dearborn

Marekani ndiko yalikotokea yale ambayo kila mnunuzi huyaogopa. Dearborn, katika jimbo la Michigan, ni mji wenye Waarabu wengi, na mgahawa mmoja wa McDonald's huko ulikuwa ukitangaza kuku wa halali, jambo la nadra mno kwa kampuni hiyo nchini Marekani. Mwaka 2011 mteja mmoja alifungua kesi akidai kwamba kuku wa halali wanapomalizika, mgahawa huendelea kuuza wa kawaida bila ya kumwarifu mnunuzi. Kampuni na mwenye mgahawa walikanusha kutenda kosa, lakini mwaka 2013 wakakubali kulipa dola 700,000 ili kuimaliza kesi. Walioweza kuwa wamekula hawakujulikana idadi wala majina, kwa hiyo, mbali na mdai na mawakili, fedha zilielekezwa kwenye zahanati na kwenye jumba la makumbusho la Wamarekani wa asili ya Kiarabu. Mgawo huo ulizua manung'uniko mjini. Kisha kuku wa halali akaondolewa katika orodha ya vyakula, na waliokuwa wakimtegemea wakabaki bila.

Madai hayo yalihusu jokofu, wala hayakugusa machinjio. Mgahawa unaoweka kuku wa aina mbili chini ya paa moja unamtegemea mfanyakazi wa zamu, aliyechoka, mwenye foleni mbele yake. Ndiyo maana migahawa ya KFC ya Uingereza iliyo na cheti huuza kuku wa halali tu, na haiweki nyama ya nguruwe hata kidogo.

Wengi hudhani kwamba wakiiacha nyama wameepukana na mashaka, lakini hata chipsi zina historia yake. McDonald's ya Marekani iliacha kukaangia mafuta ya ng'ombe mwaka 1990, ila ikaendelea kutia kiungo cha ladha ya nyama hiyo katika chipsi. Mwaka 2002 ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya kushitakiwa na Wahindu na watu wasiokula nyama. Leo kampuni inasema kiungo hicho hutengenezwa kwa ngano na maziwa. Chipsi za Uingereza hazina kiungo hicho. Samaki ndiye kimbilio la Waislamu wengi safarini. Mkate wake wa samaki McDonald's iliubuni mwaka 1962 mjini Cincinnati kwa ajili ya Wakatoliki wasiokula nyama siku ya Ijumaa, jambo ambalo pengine wanaoununua leo hawalijui. Samaki mwenyewe hana shida; shida ni karai la mafuta, iwapo limekaangiwa pia kuku asiye halali. Jibini nayo huweza kugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la ndama.

Wahudumu wengi hujibu maswali haya kwa upole yakiulizwa mafupi, kabla ya kulipa: cheti kiko wapi, kimetolewa na nani, kinaisha lini, na karai hili hukaangiwa nini kingine. Cheti cha kweli hutaja mgahawa wenyewe na anwani yake, na jina la tawi laweza kutafutwa katika orodha ambazo HFA, HMC na MUIS huziweka kwenye tovuti zao. Kibandiko kisicho na jina la taasisi wala tarehe kinaweza kununuliwa katika duka lolote la uchapaji.