Sulisuli wa Malindi

Novemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, kila mgeni anayepanda boti nasi Malindi namwambia atazame rangi ya maji kabla ya mshipi. Mto Sabaki humwaga tope baharini, kaskazini ya mji. Pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu, samaki wadogo hujikusanya, na sulisuli huwafuata. Tunakokota chambo kandokando ya mpaka huo.

Sulisuli hukipiga chambo kwanza kwa mdomo wake mrefu. Usivute papo hapo! Legeza mshipi, mpe nafasi akishike, kisha kaza taratibu. Tumia ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani: mara nyingi humnasa pembeni mwa mdomo, si tumboni, na sisi sulisuli tunamwachia. Tafadhali, usimpandishe botini kwa ajili ya picha. Mshike mdomo akiwa majini, boti ikienda polepole ili maji yapite kwenye matamvua, mpaka apige mkia mwenyewe. Nguru na jodari, hao ni kitoweo. Kusi likishika, bahari huchafuka na boti nyingi hubaki nangani.