Makarani wa Siku Nyingi na Mashine Mpya za Risiti

Ukilipa ushuru wa soko siku hizi, huenda umemwona karani akiwa na mashine ndogo ya mkononi badala ya kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Huenda pia umemwona akiibonyeza mara tatu, akaiweka chini, kisha akamwita kijana wa kibanda jirani amsaidie. Aliye kwenye foleni hunung'unika, na ana haki. Lakini yafaa ajue kinachoendelea upande wa pili wa meza.

Sababu ya mabadiliko ni wazi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa kisheria. Kwa kitabu, pesa taslimu zilikaa kwenye mkoba wa karani hadi jioni, na hesabu ya soko ikafika idara ya fedha siku kadhaa baadaye. Kwa mashine, malipo ya simu huonekana papo hapo.

Wakongwe hawapingi hilo. Baadhi yao waliajiriwa na mabaraza ya miji, kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Wameiona LAIFOMS ya enzi za mabaraza, wakaja kuisikia IFMIS. Kila mfumo ulikuja na semina ya siku mbili, chai na mandazi, kisha mkufunzi akapanda gari akarudi Nairobi. Ukiwaambia huu wa sasa ni rahisi, wanatabasamu tu.

Nilipokwenda kupiga picha za mafunzo ya karibuni, nilitarajia malalamiko kuhusu herufi ndogo na nenosiri. Yalikuwepo. Ila mama mmoja aliyekusanya ushuru kwa zaidi ya miaka ishirini aliuliza swali lililomnyamazisha mkufunzi: mtandao ukipotea baada ya mfanyabiashara kutuma pesa, na risiti haijatoka, pengo la jioni litahesabiwa kwa nani? Kwa karani, pengo ni barua ya kujieleza, na pengine makato ya mshahara. Tulikuwa tumeita woga huo ukaidi.

Swali lake lilibadilisha utaratibu. Sasa mtandao ukisumbua, karani huandika nambari ya malipo ya M-Pesa, kiasi na saa kwenye daftari, msimamizi hutia saini, na jioni orodha hiyo hulinganishwa na taarifa ya benki. Mama huyo ndiye anayewaonyesha wenzake jinsi ya kulijaza.

Kwa wasimamizi wa idara nyingine zinazojiandaa kubadilisha mifumo, hapo ndipo pa kuanzia: waulizeni wakongwe kazi huharibikia wapi, kabla hamjanunua chochote. Mafunzo yafanyike sokoni, mashine ikiwa mkononi mwa karani, si mwa mkufunzi. Mtu wa miaka hamsini na tano hapendi kusahihishwa na kijana mbele ya wafanyabiashara wanaomwita Mzee. Afundishwe asubuhi kabla soko halijafunguliwa, na ikiwezekana na mwenzake wa rika lake. Na kama hakuna atakayepoteza kazi, lisemwe waziwazi. Msipolisema, uvumi utasema kinyume chake.

Jambo moja halina nafasi ya upole. Karani aliyelemewa hushawishika kumpa kijana nenosiri lake amfanyie kazi. Kila risiti itakayotolewa kwa nenosiri hilo ni yake, hata kama hakuwepo. Vitabu vya zamani navyo virudishwe vyote siku iliyotangazwa. Soko lenye risiti za aina mbili ni soko ambalo hakuna anayejua hesabu yake. Kitabu kimoja cha dharura kibaki kwa msimamizi, chini ya kufuli.

Nawe mwananchi, usiondoke bila risiti, na usome kiasi kilichoandikwa. Ikichelewa, onyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yako na uhakikishe nambari yake imeandikwa daftarini kabla hujaenda zako. Ukiambiwa ulipe taslimu bila risiti yoyote, mwone msimamizi wa soko siku hiyo hiyo.