BAISKELI YA MILIMANI: ISOME KABLA YA KUIPANDA



Umekwisha kujua kusoma barua. Unajua pia kusoma mizani unapouza kahawa au maharage. Leo tutasoma kitu kingine. Tutasoma baiskeli.

Usishangae. Baiskeli ina namba na ina alama. Anayejua kuzisoma hadanganywi anaponunua. Tena haanguki ovyo anaposhuka mlima. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilidanganywa, na nilianguka.

1. Ni baiskeli gani?

Siku hizi masokoni zinauzwa baiskeli nyingi zilizotumika, zinazotoka nchi za nje. Nyingi ni za milimani. Utazitambua kwa matairi manene yenye meno, usukani ulionyooka, na gia nyingi.

Tazama uma wa mbele, unaoshika gurudumu. Katika baiskeli nyingi za namna hii uma una shokapu. Ukiukandamiza unashuka, ukiuachia unapanda. Sasa tazama nyuma. Nyuma hakuna shokapu. Fremu imeshikana moja kwa moja na gurudumu. Kwa hiyo mbele ni laini na nyuma ni ngumu.

Zipo pia baiskeli zenye shokapu mbele na nyuma. Hizo ni nzito zaidi na zina viungo vingi vinavyolegea. Mkulima au mwalimu anayepita njia za milimani anafaa kuchagua ile yenye nyuma ngumu. Ina vitu vichache vya kuharibika, na nguvu za miguu yako haziishii kwenye kubonyeza springi.

2. Ilianzia wapi?

Baiskeli hii ilianzia California, nchini Marekani, katika milima ya wilaya ya Marin. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu na nzito, wakashuka nazo milimani kwa njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano katika mteremko mmoja mkali.

Baiskeli zao zilikuwa na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo imo ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma. Walipofika chini, breki ilikuwa imepata moto mpaka grisi ikawa moshi. Ilibidi kufungua kikombe na kujaza grisi mpya. Mteremko huo ukaitwa Repack, maana yake ni "jaza tena".

Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kutengeneza fremu mpya kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli za milimani. Shokapu za mbele zilianza kuenea baada ya 1989, Paul Turner alipoanzisha kampuni ya kuzitengeneza. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki, huko Atlanta.

Katika habari hii tunajifunza jambo moja. Tangu mwanzo, kazi kubwa ya milimani haikuwa kwenda mbio. Kazi kubwa ilikuwa kusimama.

3. Yaliyonipata

Madarasa yangu mawili yako ng'ambo ya mlima. Nilipoanza kazi nilinunua baiskeli ya milimani iliyotumika. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, inang'aa. Sikuipima wala sikuikagua. Nilipenda rangi.

Wiki ya pili nilikuwa nashuka kwenda darasani. Mkono wa breki ya nyuma ulivutika, lakini breki haikushika. Waya wake ulikuwa umeota kutu ndani ya mfereji wake. Kwa hofu nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikapita juu ya usukani.

Nilivunjika mtulinga. Mkono ulifungwa wiki sita. Darasa moja lilifungwa kwa muda wote huo, na wanakisomo wanne hawakurudi tena. Mfupa wangu umepona. Hao wanne bado nawadai nafsi yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, isome baiskeli kabla hujatoa fedha.

4. Namna ya kuisoma unaponunua

Nenda sokoni na vitu viwili: sumaku ndogo, na futi ya fundi cherehani. Sumaku unaweza kuipata katika spika ya redio mbovu.

(a) Fremu. Gusisha sumaku kwenye fremu. Ikinata, fremu ni ya chuma. Isiponata, kwa kawaida ni ya aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini ikipasuka ni vigumu kuiunga kijijini. Hata ikiungwa, moto huidhoofisha. Fremu ya chuma fundi anaweza kuichomea. Kagua maungio yote kwa kucha, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, rudisha fedha mfukoni. Rangi mpya yaweza kuficha ufa.

(b) Mnyororo. Hesabu pini 25. Pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25. Kuna nafasi 24, na kila nafasi ni nusu inchi. Nusu mara 24 ni inchi 12. Huo ni mnyororo mpya. Ukizidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo umechoka. Ukizidi kwa milimita 3, huenda na meno ya gia yamelika, nayo utayalipia. Tumia hesabu hiyo kupunguza bei.

(c) Tairi. Soma ubavuni. Ukiona 26 x 1.95, maana yake ni kipimo cha inchi 26, na unene wa karibu inchi mbili. Zipo pia za 27.5 na za 29. Kabla ya kununua, muulize fundi wa kwenu kama ana tairi na mpira wa ndani wa namba hiyo. Baiskeli isiyopata tairi ni pambo la ukutani.

(d) Breki. Zipo breki za raba zinazobana rimu, na zipo za sahani zinazobana bamba katikati ya gurudumu. Breki nyingine huvutwa kwa waya, nyingine husukumwa kwa mafuta. Ya mafuta ina nguvu, lakini ikivuja inahitaji mafuta yake maalumu na vifaa. Kijijini ya waya inafaa zaidi. Vuta waya, uone kama unateleza. Tazama raba. Nyingi zina mifereji midogo. Mifereji ikiisha, raba imekwisha.

(e) Shokapu. Bana breki ya mbele, kandamiza usukani. Uma ushuke na kupanda bila kugonga. Ukiona mafuta yanachuruzika, au kutu kwenye sehemu inayong'aa, shokapu ni mbovu.

5. Kupanda mlima

Badilisha gia kabla ya mwinuko, wakati miguu bado ni myepesi. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu, mnyororo unaweza kuruka au kukatika. Kwa mlima mkali tumia duara dogo la mbele na duara kubwa la nyuma. Usiende na duara kubwa la mbele pamoja na duara kubwa la nyuma. Mnyororo utakaa mshazari na kulika upesi.

Kaa kitini, inama mbele kidogo. Ukirudi nyuma sana, gurudumu la mbele litainuka. Ukisimama wima, gurudumu la nyuma litateleza. Ukichoka, shuka ukokote. Kukokota si aibu.

6. Kushuka mlima

Hapa ndipo watu huumia. Soma pole pole.

Kwanza, teremsha kiti. Kisha simama juu ya pedali. Pedali zote mbili ziwe usawa, moja mbele na moja nyuma. Kunja magoti na viwiko. Sukuma nyonga zako nyuma ya kiti. Kumbuka kwamba baiskeli hii ina shokapu mbele tu. Shokapu ya nyuma ni magoti yako. Ukikaa kitini kama gunia, kila jiwe litakupiga mgongoni, na gurudumu litaruka.

Tumia breki zote mbili, kidogo kidogo. Unaposhuka, uzito wako unakwenda mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla itakurusha. Breki ya nyuma haikurushi, lakini peke yake haitoshi. Gurudumu litaburuzika tu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tazama mbali, pale unapotaka kwenda. Ukilikazia macho jiwe, utaligonga.

Vaa kofia ngumu ukiipata. Na mzigo ufungwe nyuma, chini, na sawa pande zote. Usitundike ndoo kwenye usukani.

7. Njia ni ya wote

Njia za milimani ni za akina mama wenye kuni kichwani, watoto wa shule na mbuzi. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuruka kando. Wewe ndiye wa kusimama. Piga kengele mapema, toa salamu, mpishe.

Usiburuze gurudumu. Gurudumu linaloburuzika huchimba mfereji. Mvua ikija, maji hufuata mfereji huo na kuufanya korongo. Siku za matope ni afadhali ukokote.

8. Matunzo

Kila siku: jaribu breki zote mbili kabla ya kupanda. Bonyeza matairi.

Kila wiki: futa mnyororo kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, kisha futa tena. Mafuta yanayobaki nje hushika vumbi, na vumbi hulika chuma kama tupa. Raba za breki, rimu na sahani zisiguswe na mafuta kabisa.

Baada ya matope: osha kwa maji kidogo, kausha, futa uma wa shokapu. Kila mwezi kaza nati zote, na tazama waya za breki. Waya uliokatika uzi mmoja ubadilishwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi niliujenga kwa mtulinga wangu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mteremko wa California uliitwa Repack?
2. Fremu isiyonata sumaku ina ubora gani na taabu gani?
3. Ndugu Juma amepima pini 25 akapata inchi 12 na milimita 3. Muuzaji anasema mnyororo ni mpya. Mtamjibu nini?
4. Kwa nini magoti huitwa shokapu ya nyuma?
5. Kesho leteni baiskeli moja darasani. Isomeni pamoja, kuanzia tairi mpaka usukani. Andikeni daftarini yote mliyoyaona, na lipi litengenezwe kwanza.