Selimundu na Elimu ya Vinasaba: Wahudumu wa Afya Wafundishwe Nini?

Mama amempeleka mtoto wake kliniki akiwa na homa, vidole vya mikono na miguu vimevimba. Damu inapimwa, na jibu ni selimundu. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, anamfariji: “Usihofu mama, katika watoto wanne huugua mmoja tu. Huyu ndiye huyo mmoja. Watatu watakaofuata watakuwa salama.” Mama anarudi nyumbani ametulia. Mtoto wa pili anazaliwa, naye ni mgonjwa. Sasa mume anauliza damu hiyo mbaya imetoka ukoo gani, na wakwe wanajibu kabla mama hajafungua kinywa.

Mazungumzo haya tumeyatunga ili kufafanua jambo, lakini kosa lililomo ndani yake ni la kweli, nalo huweza kuvunja nyumba. Mhudumu yule hakukosa huruma. Alikosa kufundishwa namna ya kusoma hesabu ya urithi, na zaidi namna ya kuieleza.

Hesabu yenyewe si ngeni kwetu Wakatoliki. Aliyeifumbua ni mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Kwa habari ya selimundu, kila mtu hupokea kinasaba kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Aliyepokea viwili vya kawaida huandikwa AA. Mwenye kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu ni AS: huyu ni mbebaji, wala si mgonjwa. Aliyepokea cha selimundu pande zote mbili ni SS, na huyo ndiye mwenye ugonjwa. Wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto wa SS katika kila mimba. Katika kila mimba: hayo ndiyo maneno ambayo mhudumu wetu aliyaacha.

Wanafunzi wa uuguzi huweza kukariri jambo hili, wakajibu mtihani vizuri, kisha wakakosea mbele ya mzazi. Heri mwalimu awape vikombe viwili, cha baba na cha mama, kila kimoja kikiwa na punje mbili za maharage, nyeupe na nyekundu. Mwanafunzi achote bila kutazama punje moja katika kila kikombe, aandike alichopata, azirudishe, achote tena. Akifanya hivyo mara 40 ataona mwenyewe kwamba nyekundu mbili zaweza kutoka mara tatu mfululizo, au zisitokee kwa muda mrefu. Vikombe havikumbuki kilichochotwa jana. Zoezi hilo hilo laweza kurudiwa na wazazi mezani pa kliniki, wala halihitaji umeme.

Hapa kwetu suala hili si la pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao sampuli zake zilipimwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ulichunguza damu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi mwa nchi. Takriban mtoto 1 kati ya 5 alikutwa na kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ya Kanda ya Ziwa hukutana na wabebaji kila siku ya kazi, ajue asijue.

Ni lazima pia ajue kipimo alicho nacho kinasema nini. Kipimo rahisi cha kutazama kama seli nyekundu zinajikunja mfano wa mundu huonyesha tu kwamba kinasaba cha selimundu kipo. Hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto mchanga chaweza hata kutoa jibu la uongo kwamba hana, kwa sababu himoglobini ya tumboni bado ni nyingi mwilini. Aliyeongezewa damu karibuni naye hupotosha majibu, kwani damu inayopimwa kwa sehemu ni ya mtu mwingine. Mzazi asiambiwe neno la mwisho kabla ya kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini.

Lipo somo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa ng’ambo haviwezi kutufundishia, nalo ni kuchora mti wa ukoo. Mtaalamu wa vinasaba huuliza habari za vizazi vitatu. Lakini kwetu “baba” aweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo. “Ndugu yangu” aweza kuwa mtoto wa mjomba. Na “mwanangu” mara nyingi ni wa dada. Muuguzi akiandika kila anachoambiwa kama kilivyo, mti wake utazaa matunda ya mti mwingine. Afundishwe kuuliza kwa upole na kwa heshima: huyo baba ndiye aliyekuzaa? Mlizaliwa tumbo moja? Baba yenu ni mmoja? Na waliofariki wakiwa wadogo, ambao familia haipendi kuwataja, waulizwe mwisho, mlango ukiwa umefungwa.

Elimu isipotangulia upimaji, madhara yake yanajulikana. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo mengi yalitunga sheria za kupima selimundu kwa haraka. Wabebaji wakachanganywa na wagonjwa. Wako waliokosa kazi au bima kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Huko Kipro, ambako tatizo ni talasemia, Kanisa la Kiorthodoksi tangu miaka ya 1980 limewataka wachumba kuleta cheti kabla ya ndoa; nacho huthibitisha tu kwamba wamepimwa na kushauriwa, na hakiwazuii kuoana. Cheti cha namna hiyo kina busara. Hata hivyo tuseme kweli yote: kupungua kwa wagonjwa kisiwani humo kumetokana kwa sehemu kubwa na kupima mimba na kuzitoa, njia ambayo Kanisa Katoliki haliwezi kuikubali.

Ndiyo maana semina zetu za ndoa zinahitaji mhudumu aliyefundishwa. Wachumba wawili wa AS wakisimama mbele yake, kazi yake ni kueleza, kisha kunyamaza na kusikiliza maswali yao. Uamuzi ni wao. Awaeleze pia kwamba mtoto wa SS akitambuliwa mapema hupewa penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiurea. Kwamba homa yake ni dharura hata saa nane za usiku. Na kwamba mama hufundishwa kupapasa bandama ili atambue inapovimba ghafla. Ikiwa wanaona aibu, awaambie alichoonyesha daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954: kinasaba hiki kimedumu katika nchi zetu kwa sababu mwenye nacho kimoja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali.

Limebaki jambo ambalo walimu wengi hulikwepa darasani. Mtoto ni SS, mama ni AS, na mwanamume aliyeandikwa kuwa baba ni AA. Yawezekana maabara imekosea, hivyo kipimo kirudiwe kwanza. Jibu likibaki lile lile, muuguzi anashika mkononi siri ambayo hakuna aliyemtuma kuitafuta. Namna ya kujiandaa ni kabla ya sindano: kila mzazi aelezwe peke yake kwamba kipimo chaweza kufunua mambo ya uzazi, aulizwe kama bado anataka kupimwa, na akabidhiwe majibu yake mwenyewe, peke yake.