Neno la Daktari na Tumaini la Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa anayengoja majibu ya kipimo cha saratani husikiliza kuliko wasikilizaji wote. Husikia maneno ya daktari, na papo hapo huupima uso wake, sauti yake, hata mkono wake ulioshika faili. Mchungaji afikapo kitandani baadaye, hukuta neno limekwisha kunenwa, na tumaini la mgonjwa limekwisha kujengwa au kubomolewa. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mwenendo wa daktari bingwa wa saratani unavyoligusa tumaini hilo, kisha tuulize jambo hili linamdai nini mtumishi wa Injili.

1. Yaliyoonekana katika uchunguzi

Mwaka 2005 ulitolewa nchini Australia uchunguzi wa wagonjwa 126 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Waliulizwa ni mambo gani ya daktari huwaongezea tumaini, na yapi huwapunguzia. Karibu wote, yaani asilimia 98, walitaka daktari aseme hali ilivyo, awape nafasi ya kuuliza, na amtambue kila mmoja kama mtu mwenye nafsi yake. Juu ya mambo yapunguzayo tumaini, asilimia 91 walitaja daktari anayeonekana kuwa na wasiwasi, asilimia 87 walitaja daktari anayewaeleza ndugu kwanza kabla ya mgonjwa mwenyewe, na asilimia 82 walitaja maneno ya kuzungukazunguka. Yaliyowaongezea tumaini yalikuwa kupewa tiba ya kisasa kabisa, kuona kwamba daktari anaujua vema ugonjwa wao, na kuambiwa kwamba maumivu yatadhibitiwa.

Hapa pana fundisho kubwa. Wagonjwa hao hawakusema kwamba kweli ndiyo iliyowavunja moyo. Walivunjwa moyo na kweli inayofichwa, au inayosemwa na mtu atamaniye kuondoka.

Tena, huruma haihitaji muda mrefu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake 210, wengi wao wakiwa wamewahi kuugua saratani ya matiti, picha za video za daktari akizungumzia tiba. Baadhi walionyeshwa mazungumzo yale yale yakiwa yameongezewa maneno ya huruma ya muda wa sekunde 40 hivi. Hao walibaki na wasiwasi mdogo kuliko wenzao.

Lakini upole peke yake hautoshi. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2012, waliulizwa wagonjwa 1,193 wenye saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyoenea, ambao walikuwa wakipewa dawa za saratani. Asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa hizo hazikutazamiwa kuwaponya. Zaidi ya hayo, wale waliomsifu daktari wao kwa mazungumzo mazuri ndio walioelekea zaidi kukosa kuelewa. Daktari aweza kupendwa na bado akamwacha mgonjwa gizani. Mchungaji pia.

2. Kweli na tumaini si maadui

Sisi Walutheri tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi. Katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alimtofautisha mwanatheolojia wa utukufu, anayeuita ubaya wema, na mwanatheolojia wa msalaba, anayekiita kila kitu kwa jina lake. Tumaini linalosimama juu ya kuficha huanguka siku mgonjwa atakapoisoma hali yake katika mwili wake mwenyewe.

Tutazame habari za Hezekia katika Isaya 38 na 2 Wafalme 20. Nabii alimwambia mfalme waziwazi kwamba angekufa, na kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeukia ukutani akalia na kuomba. Yafaa tuangalie yaliyofuata: nabii yule yule aliyeleta neno zito alirudi kwake, akaleta neno jingine, na akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Kisa hiki si ahadi kwamba kila aombaye ataongezewa miaka 15; mwiba wa Paulo haukuondolewa. Lakini chatufundisha mambo mawili. Mfalme aliambiwa mwenyewe, naye akapata nafasi ya kuomba na kutengeneza mambo yake. Tena, aliyemwambia hakumwacha.

3. Ombi la ndugu

Katika hospitali zetu mgonjwa haji peke yake. Ndugu ndio waliomleta, ndio wanaochangia gharama, na mara nyingi ndio wanaomwomba daktari kando: "Tafadhali, mzee asiambiwe." Tusiwadharau. Wanasema hivyo kwa upendo, na kwa kuogopa kwamba neno lenyewe lina nguvu ya kuua, kwa maana maneno huumba.

Hata hivyo, maficho yana gharama yake. Mgonjwa huona watu wakitoka nje kunong'ona. Huona kwamba wanaojua hawathubutu kukaa naye kwa muda mrefu. Hivyo yeye aliyezungukwa na ukoo mzima hubaki mpweke, tena hunyimwa nafasi ya kutoa wosia, ya kupatana na aliyekosana naye, na ya kupokea Chakula cha Bwana akijua yuko wapi katika safari yake.

Robert Buckman, daktari wa saratani wa Kanada, aliandika mwaka 1992 juu ya namna ya kutoa habari mbaya, na mwaka 2000 yeye na wenzake walieleza njia ya hatua sita. Kabla ya kusema lolote, daktari huandaa mahali pa faragha, huketi, huuliza mgonjwa anajua nini tayari, na huuliza anapenda kujua kiasi gani. Njia hii yaweza kuuheshimu ukoo bila kumpuuza mgonjwa, ikiwa daktari atauliza: "Baba, tutakapozungumza juu ya majibu, ungependa nani awepo pamoja nawe?" Akisema, "Mwambieni mwanangu mkubwa," hiyo pia ni haki yake, lakini ameichagua mwenyewe.

4. "Hatuna la kufanya"

Wengi wafikao Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Hapo ndipo daktari aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, hujaribiwa kusema kwamba hakuna la kufanya. Kauli hiyo humfukuza mgonjwa, naye huenda akaangukia kwa wauzao miujiza.

Tena kauli hiyo si ya kweli. Tangu Cicely Saunders alipofungua hospisi ya Mtakatifu Christopher jijini London mwaka 1967, imejulikana kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na yote yahudumiwe. Anne Merriman alianzisha hospisi nchini Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji ya kunywa, na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma ya namna hiyo mwaka 1999. Kwa hiyo daktari aweza kusema kweli hivi: "Dawa za kuuondoa ugonjwa zimefika mwisho, lakini maumivu tutayatibu, na hatutakuacha." Maneno ni machache, na tofauti ni kubwa.

5. Linalotudai sisi

Kwanza, mchungaji amwulize mgonjwa, "Daktari amekuambia nini, nawe umeelewaje?" kabla ya kufungua kitabu cha ibada. Pili, akiombwa na ndugu kushiriki katika maficho, asikubali, wala asikimbilie kufichua. Awasaidie ndugu kuketi pamoja na daktari na mgonjwa. Tatu, tuombe uponyaji kwa ujasiri, lakini tusimwahidi mtu kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu hakuliahidi, wala tusimwache aache mionzi au dawa kwa sababu ameombewa. Nne, daktari naye ni kondoo wa Bwana. Yeye aletaye habari za kifo juma baada ya juma ahitaji mtu wa kumwuliza habari za moyo wake.

Tano, turudi. Ziara ya kwanza yaweza kuwa ya desturi tu. Ya pili humthibitishia mgonjwa kwamba hakuachwa. Wanafunzi wetu waendao mazoezini hospitalini wajifunze hili kabla ya kujifunza kuhubiri wodini: kuvuta kiti, kuketi, kunyamaza, na kesho yake kurudi.