Kadi ya Kirikuu Ina Majina Mangapi?

Kabichi ya Nyandira, huku Mgeta, haisubiri. Ikishakatwa inataka kushuka Morogoro mjini upesi, na asiye na usafiri wake hulipa nauli anayotajiwa. Ndiyo maana kirikuu ya mtumba, kile kigari cha mizigo, ni ndoto ya wafanyabiashara wengi wa Mgeta, na kwa wengi wao ndoto hiyo hupitia kwenye mkopo.

Kikwazo cha kwanza, nionavyo mimi, ni ardhi, riba hufuata nyuma. Benki ikiomba dhamana, mtu wa Kihonda, kule mjini, huleta hati ya kiwanja. Huku milimani mambo ni mengine. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na shamba alimalo mtu mara nyingi ni la ukoo, yeye amepewa alime tu. Hawezi kuliweka rehani peke yake. Akijaribu, wajomba wataitisha kikao kabla wino haujakauka. Basi gari lenyewe ndilo linalogeuka dhamana, na hapo kadi yake ya usajili inakuwa na uzito wa shamba.

Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa benki kwa kawaida husajiliwa TRA kwa majina mawili, la mkopeshaji na la mkopaji, na kadi halisi hukaa kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Wakopeshaji wadogo wengine hawajisumbui na usajili. Huchukua kadi, ufunguo wa akiba, na hati ya mauziano ambayo umeshaitia saini bila tarehe. Hiyo hati ingenitoa mimi mbio ofisini kwao: umeuza gari ambalo hujamaliza kulinunua.

Riba nayo ina ujanja wake. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za fedha zenye leseni yake (wakopeshaji wa kausha damu hawana habari nao). Lakini kabla ya kuuliza asilimia ngapi, uliza asilimia ya nini. Tuseme kirikuu inauzwa shilingi milioni 12, unazo milioni 4, unakopa milioni 8 kwa miezi 24 kwa asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba inapigwa kila mwezi juu ya milioni 8 zile zile, rejesho ni kama shilingi 493,000. Ikiwa inapigwa juu ya deni lililobaki, rejesho ni kama 423,000. Asilimia ni ile ile, muda ni ule ule, na tofauti mwisho wa safari inakaribia milioni 1.7. Hiyo ni injini ya mtumba na chenji inabaki.

Halafu kuna masika. Machi hadi Mei, barabara za kupanda Mgeta huteleza, safari hupungua, lakini tarehe ya rejesho haitelezi hata kidogo. Omba marejesho madogo kwa miezi hiyo kabla hujasaini, maana ukiomba ukiwa umeshachelewa utasikilizwa kama mdaiwa sugu. Ulizia pia bima: mkopeshaji atataka bima kubwa, na gari lililochoka huenda lisikubalike. Kuhusu fundi wa kulikagua sisemi mengi, ila ajaribu gari likiwa na mzigo, kwenye mlima. Msamvu, kule mjini, kote ni tambarare, kila gari linaonekana zima.

Muuzaji akikuonyesha kopi ya kadi, mwombe kadi yenyewe. Akisema ipo kwa shemeji, huenda shemeji huyo ana kaunta na mhuri.

Siku deni likiisha, kazi haijaisha. Dai barua ya kumaliza mkopo na upeleke TRA jina la mkopeshaji liondolewe. Wapo wanaoiweka barua hiyo chini ya godoro, kisha miaka mitatu baadaye mnunuzi amefika, fedha anazo, kirikuu ameipenda, na kadi bado ina majina mawili.